Leseni Halisi za Tajiri Mbwambo

Kompyuta ya steshenari ya Mwajabu iligoma ikidai leseni ya programu yake ni bandia. Mwajabu akambeba mwanawe mgongoni, akakimbilia kwa Tajiri Mbwambo aliyemuuzia leseni hiyo, maana kompyuta ndiyo iliyowalisha.

“Dada, leseni zangu halisi,” alijigamba Mbwambo mbele ya wateja. “Kompyuta yako ndiyo mkweche. Nunua nyingine.”

“Samahani, bosi, sisi wa kidato cha nne tu. Kumbe kwenye kompyuta nzima, kama hiyo yako, ingefanya kazi?”

“Bila wasiwasi.”

“Basi tubadilishane leseni sasa hivi, wateja wakiona. Si umesema zote ni halisi?”

Wateja wakamkodolea tajiri macho. Ikabidi abadilishane na Mwajabu.

Kesho yake Mbwambo alizunguka mjini akiulizia leseni halisi ya bei nafuu kwa kompyuta yake.