Gari Jeupe la Kwenda Kitulo

Nazi haioti Mbeya. Inakuja na lori kutoka pwani, inashushwa soko la Mwanjelwa, na hapo ndipo vituko vinapoanza. Utamwona mteja mmoja ameinama. Anaokota nazi, anaitikisa sikioni, anairudisha. Anaokota nyingine, anaigonga kwa ukucha, anaikunjia pua. Nazi thelathini zinapita mkononi mwake! Wenzake wameshanunua, wameshakuna, wameshakula wali wao na kunawa. Yeye mwishowe anaondoka na ile iliyomvutia macho kuliko zote, na akiipasua nyumbani anakuta koroma. Nyama laini, tui hakuna.

Sasa Bhavin wa Iringa hakuwahi kununua nazi hata siku moja maishani mwake. Yeye alichagua gari.

Bhavin alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, muuza vitambaa katika duka la familia yao mjini Iringa, nadhifu kama shati lililotoka kupigwa pasi. Bibi yake, Prabha, alizaliwa Tukuyu, baba yake alikokuwa na duka. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimpakia kwenye lori, akampeleka juu Kitulo kuona maua. Tangu siku hiyo Bibi Prabha aliyasimulia maua yale kwa watoto, kwa wajukuu, hata kwa wateja waliokuja kununua zipu tu. "Mlima mzima umevaa kanga," alikuwa akisema.

Lakini sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na presha ya macho ilikuwa imemla. Jicho la kushoto lilikwishazima. La kulia lilibaki kama koroboi inayokaribia kuishiwa mafuta. Daktari hakumficha. "Bibi, kilichopotea hakirudi. Kama kuna kitu unatamani kukiona, kione sasa."

"Maua ya Kitulo," bibi akajibu pale pale, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Basi Februari hiyo wakapanda basi hadi Mbeya, wakalala Ilomba. Walikuwa na siku moja tu, maana kesho yake walitakiwa kuanza safari ya kurudi kuwahi kliniki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa wamesimama Uyole, barabara ya Tukuyu inapoanzia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi ile anga lilikuwa jeupe, safi, kama sahani iliyooshwa.

Ikaja Noah ya abiria. "Isyonje! Isyonje! Wawili tu naondoka!" Bhavin akachungulia ndani, akaona kuku amefungwa miguu chini ya siti. Akatikisa kichwa. Akaja kijana wa bodaboda, tairi lake la nyuma limezungushiwa mnyororo wa kukamatia tope. Bhavin akaucheka ule mnyororo. "Sasa hii pikipiki au mbwa mkali?" Kijana naye hakulaza damu. "Mbwa huyu anafika, bosi. Wewe subiri paka wako wa mjini." Akaondoka zake.

Karibu nao lilikuwa limeegeshwa lori dogo, Kenta, lenye tope mpaka kwenye vioo vya pembeni. Mwenye lori alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, jina lake Sekela, mfanyabiashara wa viazi na dereva wa lori lake mwenyewe. Alikuwa ameshashusha viazi na sasa alikuwa anapakia mbolea ya kupeleka juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ugonile, mwanangu?"

Sekela akaangua kicheko. "Heee! Bibi wa Kihindi ananisalimia Kinyakyusa! Umetokea wapi wewe?"

"Tukuyu. Nimezaliwa hapo kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi twende, bibi yangu. Napita hukohuko Kitulo. Nikimaliza kupakia tu tunaondoka. Mbele kuna nafasi mbili, yako na ya mjukuu."

Bhavin akalitazama lori kuanzia tairi hadi paa. "Asante dada, tumeshapata gari," akasema, akamwonyesha simu. Kweli alikuwa amelitafuta! Siku nne alilinganisha picha za magari kumi na moja, akapata jeupe pee, siti za ngozi, kiyoyozi, limepigwa picha mbele ya hoteli.

Sekela akaiangalia picha, akairudisha taratibu. "Kaka, nikwambie kitu. Sisi wa huku juu hatuangalii uzuri wa gari, tunaangalia tope. Gari lenye tope la jana ndilo lililofika jana. Hili lako halijawahi kwenda popote."

"Linatunzwa, dada."

"Haya. Ila jua hili: saa sita ukungu unashuka Kitulo. Ukishashuka, hata ng'ombe wako mwenyewe humwoni."

Bhavin akapiga simu. Dereva wa gari jeupe, Clement, akasema yuko njiani, dakika tano. Saa moja na nusu akasema dakika tano. Saa mbili akasema dakika tatu. Alipofika saa mbili na nusu, gari likimeremeta kama kioo cha saluni, akashuka na tabasamu pana. "Samahani bosi, nilipitia kuliosha. Wageni wazito kama nyie siwezi kuwachukua na gari chafu!"

Kwenye lami walienda kifalme. Bhavin alikuwa anapiga picha siti. Lakini baada ya Isyonje, kwenye njia panda ya Kitulo, lami iliwaaga, na mbele kukawa na udongo mwekundu uliolowa. Gari jeupe liliingia dimbwi la kwanza, likatoka. Likaingia la pili, likatoka likiyumba. La tatu likakaa. Kabisa! Tumbo lilikuwa limelalia tope kama kiboko, na magurudumu yalikuwa yanazunguka bure.

"Dakika kumi tu, bosi," Clement akasema.

Saa nne kasoro wakasikia honi. Kenta ya Sekela, iliyokawia kupakia mbolea Uyole, ilikuja inaunguruma, ikapita pembeni ya dimbwi, ikasimama mahali pagumu. Sekela akashusha kioo. Hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

"Mbele nimebakiwa na nafasi moja. Nyingine nimempa huyu mama mwenye mtoto, nimemchukua Isyonje. Bibi akae hapa. Kaka, wewe panda nyuma juu ya mbolea."

Bhavin akaangalia mifuko ya mbolea, kisha raba zake nyeupe. "Bibi, tusubiri. Dakika kumi tu tunatoka. Tutawapita hata hao."

Bibi Prabha alikuwa ameshafungua mlango. Akakanyaga tope na kandambili zake bila hata kuangalia chini.

"Bhavin, jicho langu halina dakika kumi za kumpa huyu kijana. Mara ya kwanza nilienda na lori, na leo naenda na lori. Wewe baki na siti zako."

Kenta ikapanda mlima. Bhavin akabaki.

Zile dakika kumi zilizaa nyingine. Walikata matawi, wakasukuma, Clement akavua shati. Bodaboda nyingine yenye mnyororo ikapita, Bhavin akaona dereva wake ana tope mpaka kwenye nyusi, akaiacha. Saa sita ikagonga. Sasa akaanza kupungia kila kitu kinachotembea, na hapakuwa na kitu. Mpaka saa saba kasoro, ndipo likaja trekta linavuta tela, na juu ya tela kuna samadi. Mbichi!

"Panda kaka," mzee Tadeo, mwenye trekta, akamwita. "Shikilia vizuri, usije ukaogelea."

Bhavin wa siti za ngozi akapanda.

Alifika saa nane. Raba zake hazikuwa na rangi tena, na nzi walikuwa wanamsindikiza. Akateremka na kutazama. Hakuona kitu. Ukungu ulikuwa umeifunika Kitulo yote kama blanketi zito. Aliita, "Bibi!" na sauti ya bibi ikajibu kutoka hatua sita tu mbele yake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na Sekela, amejifunga kanga ya Sekela, wanakula viazi vya kuchemsha.

"Umeyaona?" Bhavin akauliza.

"Nimeyaona." Bibi akawa anatabasamu kama mtoto wa miaka tisa. "Tulifika saa tano, jua linawaka. Ya njano mpaka kwenye upeo. Ya zambarau yameinama na upepo. Meupe madogo kama punje za mchele. Saa nzima, Bhavin! Jicho hili moja limekula mpaka limeshiba. Sasa likizima, lizime."

"Mimi sioni kitu, bibi."

"Njoo." Akamshika mkono, akauongoza chini kwenye majani. "Usichume. Gusa tu."

Bhavin akagusa ua lenye maji ya ukungu. Hakujua ni la njano au la zambarau. Mwenye macho mawili mazima akapapasa, na mwenye jicho moja linalozima akawa anamsimulia rangi.

"Ndaga, Sekela," bibi akashukuru.

Sekela akasimama, akapangusa mikono. "Haya, turudi. Viazi vimeshapakiwa. Kaka, mbele leo hakuna nafasi yako. Harufu hiyo!"

Bhavin hakuuliza siti. Akaparamia gunia la juu kabisa la viazi, akakaa. Chini kidogo wakalipita gari jeupe, jekundu sasa, bado limelala pale pale, na Clement akiwapungia mkono. Bhavin akampungia naye, huku ananusa vidole vyake kama vitakuwa vimebaki na harufu ya ua. Vilinuka samadi.

Magari kumi na moja aliyachambua, akapata ukungu. Kweli, mchagua nazi hupata koroma.