Keki ya Boga ya Mghoi

Mkataa boga, muulize njaa yake. Nyinyi mmelitoboa boga lenu macho na meno kwa ajili ya hiyo Halloween ya shuleni, sherehe yenu ya kutishana, nyama yake nikaitumia kupikia keki, na sasa mnamcheka mwenzenu kwa kuwa hataki hata kuonja. Nimemtetea kwa maneno hayo nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, na mikono iwe mbali na keki, bado ni ya moto. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Taita, Mghoi alikuwa ameolewa miezi michache tu katika nyumba ya Mzee Mwadime. Siku wazazi wake walipokuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, mama mkwe alitoka asubuhi kwenda sokoni kutafuta kitoweo, akamwachia jiko. Mghoi alitaka wazazi wake waone kwamba ametulia. Unga wa ngano ulikuwa haba, lakini maboga yalijaa shambani hata mbuzi walikuwa wameyachoka. Akachemsha moja, akaliponda, akalichanganya na mayai, sukari, mafuta na kale kaunga, akatia mdalasini, iliki na tangawizi. Kazi nyepesi, hata nyinyi mngeiweza mkiacha utundu. Akamimina kwenye sufuria, akaweka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, akangoja.

Mama mkwe aliporudi, harufu ilikuwa imefika barabarani. Alipoambiwa kilichomo ni boga, alishika kiuno. Mzee Mwadime hakuwa amegusa boga tangu utoto wake. Likipikwa, yeye huondoka mezani, na watu wa nyumbani walikwisha zoea kumsema pembeni kwamba anachagua chakula kama mtoto. Wageni nao walikuwa wamekwisha keti. Mama akamsihi Mghoi anyamaze, mzee ale akidhani ni karoti.

Mzee alikula. Alimaliza kipande cha kwanza, akaongeza, na kipande cha tatu kikiwa mkononi akawaambia wakwe zake kwamba kweli wamelea. Ndipo akamgeukia Mghoi kumuuliza ametia nini humo. Maskini Mghoi! Akidanganya, amemdanganya baba mkwe mbele ya wazazi wake; akisema kweli, huenda mzee akaisukuma sahani na wazazi wakarudi kwao na aibu.

"Ni boga, baba," akasema.

Mzee Mwadime akaiweka sahani chini. Mkewe akaanza kuwaomba wageni radhi, eti mzee ana madeko yake, lakini Mzee Mshila, babake Mghoi, aliyeikumbuka vizuri miaka ya ukame, alikuwa akimtazama mkwe mwenzake.

"Mkwe," akauliza taratibu, "ilikuwa njaa ya mwaka gani?"

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mzee akasimulia jinsi mvua ilivyokosa, wakala boga la kuchemsha bila chumvi asubuhi na jioni, mama yake akiwagawia watoto vipande na yeye mwenyewe akinywa maji yaliyotumika kulichemshia. Mama huyo hakuiona mvua iliyofuata. Mke wa mzee alilia, maana miaka yote ya ndoa yao alidhani ni madeko tu.

Mzee naye akapangusa macho, akaitazama ile keki, na cheko likamtoka.

"Lile halikuwa na iliki, wala mayai, wala wageni," akasema. "Mimi nilichokiogopa ni njaa. Hili ni boga tu. Nikatie kingine, mwanangu."

Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, nao wakapewa keki, na Mghoi akalazimika kupika nyingine jioni ileile, kwa furaha. Tangu hapo, mtu akikataa kitu ambacho wengine wote wanakipenda, watu wa kule hawamcheki. Humsogezea kiti, wakamsikiliza.

Kwa hiyo msimsukumie sahani mwenzenu. Nendeni mkakae naye. Mkataa boga, muulize njaa yake.