Kiti cha Macho

Sogeeni hapa. Mwenye kusinzia asinzie tu, hadithi hii haimgombi mtu. Aliyekuwa anawagomba wenye kusinzia ni Fisi, na mtaona wenyewe alipoishia.

Ulikuwa mwaka wa ukame mkali. Mito ilikauka, majani yakawa vumbi, na nchi nzima ya Simba ikabaki na kisima kimoja. Kisima hicho kilikuwa na desturi yake. Alfajiri Kwale akilia, kinafunguliwa, na kila mnyama anakunywa kwa zamu yake. Magharibi Kwale akilia tena, kinafungwa. Wanyama wanakwenda kulala, huku maji yakichuruzika polepole chini ya mchanga hadi kisima kijae upya. Mchana kinatoa, usiku kinajaa. Hakuna aliyekunywa akatosheka, lakini hakuna aliyekufa.

Hilo ndilo lililomuudhi Fisi. Wasipokufa wenzake, yeye atakula nini? Kukimbiza mawindo hataki, maana ni mvivu. Kusubiri hawezi, maana ni mlafi. Basi akaenda akapiga goti mbele ya Simba.

"Bwana Mkubwa, naomba kuuliza, wala sina nia mbaya. Wewe ni mfalme wa mchana na usiku, au wa mchana tu?"

"Swali gani hilo?" Simba akatuna. "Wa vyote viwili!"

"Ndivyo nilivyodhani. Lakini jana jua lilipotua nilipita nchi nzima, nikakuta raia wako wote wanakoroma. Hata mmoja hakuwa anakutii. Kumbe usiku nchi haina mfalme!"

Simba ukimkanyaga mkia huenda akakusamehe. Ukimgusa cheo, umemmaliza. "Nifanyeje?" akauliza.

"Piga marufuku usingizi. Kulala ni kazi ya wavivu. Kisima kiwe wazi usiku na mchana, watu wachape kazi, nchi isonge mbele. Atakayekutwa amelala, zamu yake ya maji imepotea mpaka mvua inyeshe, naye atoke nje ya nchi. Mimi nitajitolea kumsindikiza."

"Utajitolea?"

"Bure kabisa, Bwana Mkubwa. Nchi kwanza."

Simba akaona hiyo ndiyo akili. Akaongeza siku tatu za mkosaji kuagana na jamaa zake, ili asionekane hana huruma, na sheria ikapita. Kwale akafungwa mdomo kwa kamba. Kila mnyama akapewa kibuyu chenye tundu, ndani yake vimulimuli, akivae shingoni. Usingizi ukija, achungulie mle ndani mwanga umfukuzie.

Mwanzoni walinung'unika. Baada ya siku chache wakanogewa, jamani, wakanogewa! Kima alipanda mti huku anachungulia kibuyu, akaanguka, akapanda tena huku anachungulia. Zamani wakikutana asubuhi walisalimiana, "Umelalaje?" Sasa ikawa, "Umekeshaje?" Pundamilia akajisifu kwamba amekesha siku tatu. Nyumbu akasema yeye tano, na kuhesabu kwenyewe hajui. Mwenye macho mekundu kuliko wenzake ndiye aliyeheshimiwa. Mama mmoja wa nyani alikwenda kisimani na mwanawe, akarudi nyumbani amebeba jiwe, akalibembeleza hadi jioni ndipo akagundua. Na kisima, kwa kuwa kilitekwa usiku kucha, hakikupata nafasi ya kujaa. Maji yakawa tope. Hakuna aliyeona, kila mtu macho yalikuwa kibuyuni.

Punda ndiye wa kwanza kukutwa amelala. Akafuata mke wa Ngiri. Siku zao tatu zilipotimia, Fisi aliwasindikiza kwa upole mpaka nyuma ya kilima. Huko nyuma ya kilima kulikuwa na nini? Hakuna aliyerudi kusimulia. Fisi peke yake ndiye aliyerudi, tumbo mbele, anachokonoa meno.

Mtauliza, yeye alikuwa halali? Ahaa! Kila siku jua likifika utosini, Fisi aliaga kwamba anakwenda kukagua mipaka. Mpaka wenyewe ulikuwa pango lake. Alijitupa humo akalala fofofo hadi alasiri, kisha akatoka kifua mbele kuwakamata wenye kusinzia.

Alasiri moja, akitoka kukagua mipaka yake, alipita kwa Sungura. Akamkuta mke wa Sungura ameegemea kichuguu, macho yamefumba, vitoto vinne vinanyonya. Fisi alivihesabu vile vitoto mara mbili kwa furaha.

"Nimemkuta!" akapiga kelele.

Sungura akatoka mbio. "Mjomba, tafadhali! Amejifungua juzi tu."

"Sheria ni sheria, mpwa wangu. Siku tatu za kuagana, kisha nitakuja kumchukua. Watoto nao si wa kuachwa na njaa, watafuatana na mama yao."

Sungura aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na alitaka kulia. Lakini alipoinua uso kuomba, aliona jani kavu limeganda kwenye shavu la Fisi, na udenda umekauka mpaka kidevuni.

"Mjomba," akasema taratibu, "mpakani huko kuna majani mengi?"

Fisi akajifuta haraka. "Upepo," akajibu. "Mpakani kuna upepo mkali sana."

"Pole na kazi, mjomba."

Kesho yake alfajiri kulikuwa na baraza. Sungura akasimama mbele ya Simba, ambaye manyoya ya shingo yalikuwa yakimdondoka kwa kukesha, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Bwana Mkubwa, nani aliyetufundisha kutolala? Si mjomba Fisi? Mbona hatujamlipa hata asante! Naomba awekewe kiti kando yako, kiitwe Kiti cha Macho. Akikalie siku tatu usiku na mchana, tumtazame, tujifunze."

Fisi manyoya yakamsimama. "Ah, mimi mnyonge tu, sistahili..."

"Na kwa kuwa anayekaa kando ya mfalme hali makombo," Sungura akaendelea, "ale nyama sahani moja na mfalme."

Mate yakamjaa Fisi kinywani. Akili ilimwambia akatae, tumbo likamwambia kubali, naye maisha yake yote hajawahi kulibishia tumbo. "Na mipaka, je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mipaka nitakukagulia mimi, mjomba. Wewe kula."

Siku ya kwanza Fisi alikula hadi ngozi ya tumbo ikang'aa. Jua lilipofika utosini, saa ya mipaka ilipowadia, kope zikaanza kumvuta chini. Akajifinya paja. Wanyama wote walikuwa wamekaa wanamtazama, wanajifunza. Siku ya pili akaona Simba wawili, akawaamkia wote wawili, mmoja mmoja. Alikula tena, na shibe ikauita usingizi kwa nguvu zaidi. Aliwaza pango lake, ubaridi wake, majani yake laini, akahisi uchungu kama wa mtu aliyefiwa.

Siku ya tatu mke wa Sungura aliletwa barazani, vitoto vyake vimembana kifuani. Sungura alisimama kando yake, anamtazama Fisi. Simba akamwamuru Fisi aseme na raia kabla ya kumwondoa mkosaji.

Fisi akainuka akiyumba. "Ndugu wananchi," akasema, "usingizi ni adui. Adui wa... adui wa..." Kichwa kikaanguka mgongoni mwa Simba, na baraza zima likasikia mkoromo.

Kisha akaanza kusema usingizini. "Mleteni huyo wa Sungura... na vile vinne, vichanga, havina hata mfupa... Punda alikuwa mgumu. Lakini mke wa Ngiri, lo! Alikuwa na mafuta..." Akaupapasa mkia wa Simba, akautia kinywani, akautafuna.

Simba alinguruma hadi vibuyu vikaanguka shingoni mwa watu. Fisi hakuamka. Alikuwa bado anatafuna.

Ngiri aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. "Mke wangu?" akauliza. "Si alitoka nje ya nchi?" Akautazama mdomo wa Fisi unaotafuna, na hapo akaelewa.

"Bwana Mkubwa," Sungura akasema, "amri ni yako. Mimi nauliza tu, sheria inasemaje kwa anayekutwa amelala?"

Simba alitazama mkia wake, akatazama raia wake. Kukiri kwamba amedanganywa asingeweza hata kidogo. "Sheria niliitunga mimi," akanguruma, "nayo itafuatwa leo, halafu naifuta! Siku zake tatu za kuagana amekwisha kuzila. Nani atamsindikiza?"

Wote walijitolea. Bure kabisa.

Simba alimzaba Fisi kofi moja la kiunoni, na ndiyo maana hadi leo mgongo wake unateremka. Wakamburura mpaka nyuma ya kilima, wakamtupa juu ya mifupa aliyoitafuna mwenyewe, naye bado anakoroma.

Magharibi hiyo Kwale alifunguliwa mdomo. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alilia, na kisima kikafungwa. Vibuyu vikapasuliwa, vimulimuli wakarudi vichakani kwao. Simba akalala wa kwanza, akidai kwamba anawaza. Mke wa Sungura akalala na vitoto vyake vinne. Sungura alivitazama, akalia kidogo, kisha naye akalala.

Alfajiri kisima kilikuwa kimejaa. Nyuma ya kilima Fisi aliamka koo limekauka, akamsikia Kwale akiita watu kwenye maji. Akainuka mbio, akakumbuka kwamba zamu hana mpaka mvua inyeshe, akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha, utalala wewe.