Teke la Kiti cha Nyuma

Mshika usukani hajui teke la kiti cha nyuma. Mliusikia msemo huu jana kwenye kikao cha ukoo, shangazi yenu alipomwambia mwenyekiti, na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Leo mnaosha gari langu na mnaniuliza ulitoka wapi. Lusajo, weka ndoo chini. Na wewe Sekela, huo mto wa viraka uache pale pale kitini, usiuloweshe. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia ndani ya gari hilo hilo mnalolisugua.

Gari hili lina viti vinane, safu tatu, na lilikuwa limekwisha tumiwa na wengine nilipolinunua, ingawa mimi nililiona jipya kabisa. Gia zake hujibadili zenyewe. Karibu na usukani kuna kitufe cha kubana mafuta. Ukikibonyeza, taa ndogo ya kijani inawaka, injini inapewa mafuta kwa kipimo, na gia zinapanda mapema kabla gari halijapata nguvu. Ukisimama kwenye foleni, injini inajizima mpaka uachie breki. Nilikipenda sana kitufe kile. Mnanijua, mimi ni mbahili, na ubahili wangu nilikuwa nauita akili. Nikikutana na Mwalimu Kabuje, jirani yetu aliyekuwa na gari kama hili, sikumuuliza habari za watoto. Nilimuuliza tenki lake limemfikisha wapi.

Lakini giaboksi ilikuwa imechoka. Taa ya kijani ikiwaka, kila gia ya tatu ilipoingia, gari lilirusha teke kama punda. Injini ikijiwasha baada ya kujizima, teke jingine. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, najua teke linakuja, najikaza kidogo linapita. Fundi Kasebele aliniambia, "Mzee Ambokile, kizime hicho kitufe, giaboksi ipumue." Nikamjibu kwamba mafundi hutafuta kazi hata pasipo na kazi.

Sasa sikilizeni habari ya viti. Kila Alhamisi nilikuwa nampeleka baba yangu, Mzee Mwaisumo, kliniki ya macho Mbeya. Bibi yenu Tumpe alikuwa fundi cherehani, naye siku hiyo alikwenda kununua vitambaa. Baba alikaa mbele. Kwa desturi yetu ya zamani, mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, wala hapazi sauti mahali alipo. Wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, lakini baba hakuiacha, na bibi yenu alimheshimu. Kwa hiyo aliingia kwa mlango wa pembeni, akapita safu ya kati tulikopakia ndizi za ndugu zetu wa Uyole, akaketi safu ya mwisho, juu ya matairi, kwenye kile kiti kigumu cha kukunja. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya hakutoa neno. Alifanya hivyo kila Alhamisi kwa miaka miwili, kwenda na kurudi.

Nyumbani alianza kushika kiuno anapoinuka. Tukasema ni cherehani. Hata yeye alisema ni cherehani. Nikamnunulia kiti chenye egemeo cha kushonea, nikajiona mume mwema.

Alhamisi moja tukipanda mlima wa Isongole, gari lilirusha teke mpaka bakora ya baba ikaanguka. Niliogopa. Niwaambie ukweli, sikumwogopea mtu yeyote mle ndani, niliiogopea giaboksi. Kesho yake asubuhi nikalipeleka kwa Kasebele. Akasema ataliendesha mwenyewe, mimi nisikilize kishindo kinatokea wapi.

"Kaa kule mwisho kabisa, mzee," akasema. "Ndiko kinakosikika."

Nikapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kiti kile, na gari nilikuwa nalo miaka miwili. Tukaanza kupanda mlima. Gia ya tatu ilipoingia, kiti kilinipiga kiunoni nikauma ulimi. Nikatafuta pa kushika. Mikono yangu ikaangukia ukingo wa kiti cha mbele yangu, na hapo nikaona kitambaa chake kimechakaa mahali pawili, pembe hii na pembe ile, kwa upana wa viganja vidogo kuliko vyangu. Nikahisi pia nimekalia kitu. Nikakivuta. Kilikuwa mto, umeshonwa kwa masalio ya nguo za wateja, tabaka juu ya tabaka, kwa uzi mwekundu. Bibi yenu alikuwa amejishonea mto kwa ajili ya gari langu, na hakuniambia.

"Umekisikia kishindo, mzee?" Kasebele akauliza.

"Zima kitufe."

Akakizima. Taa ya kijani ikafa. Tukapanda tena mlima ule ule, na gia zikaingia moja baada ya nyingine taratibu, bila teke. Nikaupakata ule mto, nikalia. Kasebele akajifanya hanioni kwenye kioo.

Nilimkuta bibi yenu nyumbani anashona sare za shule. Nikamwonyesha mto.

"Mama Lwitiko, kiti kile kinakuumiza tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, na baba yupo mbele?"

"Na hapa nyumbani je? Hapa baba hayupo."

Akasimamisha cherehani, akanitazama. "Hapa nyumbani, baba Lwitiko, ulikuwa unanisimulia mafuta yaliyobaki."

Wiki ile ile nikampeleka hospitali Mbeya, akalazwa. Daktari akasema ugonjwa haukuletwa na cherehani wala na gari. Ulikuwa uvimbe, nao ulikuwa unaula uti wa mgongo siku nyingi. Gari lilikuwa linauchokoza tu, na kila teke lilikuwa linatuambia kuna kitu pale. Daktari akaniuliza, "Kwa maumivu haya, hakuwahi kulalamika?" Akasema angeletwa mwaka mmoja nyuma pengine lingekuwapo la kufanya. Sasa lililobaki ni dawa za maumivu na kukaa na watu wake.

Siku ya kumrudisha nyumbani, baba alisema lazima aje nami. Tulipomtoa Tumpe wodini, baba alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari. Akaupita mlango wa mbele. Akafungua wa pembeni, akapapasa kwa bakora kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, akajiburuta safu kwa safu mpaka ya mwisho, akaketi. Tumpe akasimama nje, kitenge amejifunika uso, hajui aende wapi.

Baba akasema kwa sauti, "Mwanangu Tumpe, kaa mbele. Heshima yako nimeipokea miaka yote hii. Leo niache nami nikae ulipokaa wewe."

Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, akamjibu. Akasema, "Ndiyo, baba."

Niliendesha polepole. Tulipoumaliza mlima wa Isongole, bibi yenu akakishusha kitenge mabegani.

"Gari limekuwa laini," akasema. "Umelibadilishia giaboksi?"

"Hapana. Nimezima kitufe."

"Kitufe tu?"

"Kitufe tu."

Akageukia dirishani, akatazama mashamba ya viazi mpaka tukafika Kiwira. Hakunilaumu. Angenilaumu ningeshukuru, maana lawama ingekuwa na mwisho wake.

Aliishi wiki tano. Siku ya mazishi watu walinong'ona kwamba marehemu alikuwa msiri mno, kwamba angesema mapema angepona. Maneno hayo yalimfikia baba, akaomba ashikwe mkono asimame.

"Msimsingizie marehemu," akasema. "Hakuficha. Alikaa nyuma yetu akipigwa, na mbele tulikuwa wanaume wawili. Mmoja alikuwa na usukani na mwingine alikuwa na heshima zake, na sote tukasema safari ni nzuri. Mshika usukani hajui teke la kiti cha nyuma. Basi na aulize, tena aulize kabla aliye nyuma hajashuka."

Watu waliondoka makaburini na maneno yale. Akina mama waliwaambia waume zao, vibarua wa chai wakawaambia wasimamizi, na jana shangazi yenu akamwambia mwenyekiti wa kikao aliyepanga mambo bila kuwauliza wapishi. Wengi wanaoutumia msemo huu hawajui kwamba mshika usukani huyo yu hai na anaishi hapa.

Ninyi hunicheka kwa sababu kila tukipanda mlima napaza sauti, "Wa nyuma, mko salama?" Nanyi mnaitikia, "Tupo, babu!" hata kabla sijamaliza, kisha mnasukumana kwa vicheko. Chekeni tu. Lakini siku mmoja wenu atakapochelewa kuitika, nitalisimamisha gari hapo hapo, hata kama ni katikati ya mlima, nije huko nyuma nikae naye.

Haya, Lusajo, chukua ndoo yako. Sekela, mto huo urudishe vizuri, upande wenye uzi mwekundu uwe juu, kama alivyouweka mwenyewe. Na mkiulizwa methali ilitoka kwa nani, semeni ilitoka kwa bibi yenu, ingawa hakuitamka. Mshika usukani hajui teke la kiti cha nyuma.