Ngoloko Apakata Mtoto

Paukwa?
Pakawa!
Nani alikuwapo?
Mwenye njaa!
Na mwenye shibe?
Yuko njiani anakuja!

Basi, alikuwapo Bi Pimbi, mjane mdogo mwenye akili nyingi, akiishi mwambani na mwanawe mchanga, Sikudhani. Na msituni alikuwapo Ngoloko, dude lenye umbo la sokwe, manyoya mpaka kwenye nyayo, mikono inaburura chini.

Jumatatu Ngoloko alikuja, tii! tii! tii! Akala kapu la kwanza kati ya makapu matatu ya mtama ya Bi Pimbi, bwaku bwaku. Jumanne akaja, tii! tii! tii! Akala la pili, bwaku bwaku. Likabaki kapu moja, na mvua bado mbali. Likiliwa hilo, maziwa ya mama yatakauka, na Sikudhani hataiona mvua. Bi Pimbi alilia kidogo, akapangusa machozi, akafikiri.

Jumatano, tii! tii! tii!

"Karibu, mjomba," akasema Bi Pimbi. "Ila kwetu mgeni hali kabla hajampakata mtoto. Asiyempakata, tunasema ana kijicho."

Ngoloko aliudhika. Mwizi, sawa, lakini mwenye kijicho, yeye? Akaketi, akanyoosha mikono. Bi Pimbi akamlaza mwanawe kwenye yale manyoya. Sikudhani akapiga mwayo, akashika manyoya kwa vidole vyote, akalala, fff, fff.

"Na aliyemlaza mtoto hamwamshi," mama akanong'ona. "Anangoja aamke mwenyewe."

Nzi akatua puani, Ngoloko hakutikisika. Mguu ukafa ganzi, hakutikisika. Bi Pimbi akaburura kapu, kwaru, kwaru, mpaka kwenye ufa wa mwamba usioingia mkono wa Ngoloko. Kisha akarudi mbio kumchukua mwanawe, maana Ngoloko alikuwa ameona kila kitu.

Kweli alikuwa ameona. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Tangu azaliwe, kila aliyemgusa alikimbia.

"Mama Sikudhani," akanong'ona, "kesho analala saa ngapi?"

Akaambiwa adhuhuri. Kesho yake adhuhuri akaja, taratibu, na mkungu wa ndizi begani.

Mimi nimeishia hapo. Ikiwakolea, gawaneni, ikiwa imepooza, tieni chumvi wenyewe. Na funzo lake ni hili: kamwe usimpe mwizi mwanao ampakate. Atamzoea, atakuletea ndizi, na wewe utaishia kulala usingizi wa mchana kama mtu asiye na shida.