Pimbi Atafuta Chuo Kisicho na Foleni

Jamani, mpo?
— Tupo!
Na masikio yapo?
— Yapo, yamesimama!
Basi nafungua kinywa, msije mkasema sikuwaambia.
— Fungua!

Alikuwepo Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa maswali. Kwa nini mto haurudi nyuma? Kwa nini mchwa hawagongani njiani? Kwao walishachoka naye. Wakamwambia, "Masika yakianza hujapata chuo, utapanda mwambani uwe mlinzi. Utatazama tai mpaka uzeeke." Pimbi akawaza: Kumtazama tai maisha yote, wala usimuulize anaelea vipi bila kupiga mabawa!

Akajitwika kapu la matikiti, akaenda Chuo cha Kileleni. Wanyama wote walikwenda huko. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: chuo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Swala akajaza Kileleni, Kileleni, Kileleni. Punda milia akajaza Kileleni, Kileleni, Kileleni. Ukiwauliza huko ndani kuna nini, wanakujibu, "Hatujui, ila kuingia ni kazi!"

Langoni alikaa Kiboko, msajili. Akikaa pale hata nzi hapiti. Kila mwombaji alikuja na kapu. Kiboko anafungua kinywa, kwacha! kwacha! kapu tupu. "Nafasi zimejaa. Rudi mwakani. Na kapu."

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Pimbi. "Huko ndani wanafundisha nini?"

"Marahaba. Wewe umekuja kusoma au kuuliza?"

Pimbi akarudi nyuma na kapu lake, akaenda kwenye ubao wa matangazo. Orodha ya vyuo ilikuwa ndefu. Juu karatasi imechakaa kwa kuguswaguswa, chini safi kabisa. "Mbona huku hakuna kidole kilichofika?" Akasoma mstari wa mwisho: Chuo cha Bondeni. Akashika njia, tip, tip, tip, akashuka mteremko, tip, tip, tip, akavuka kijito.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," akaitika Bi Nungunungu, mwalimu mkuu, akipangusa madawati. "Kapu la nini?"

"La msajili."

"Hapa hatuna msajili. Tule, halafu uniambie unataka kujua nini."

Pimbi akauliza lile la mto.  Bi Nungunungu akampa jembe, wakachimba mfereji nyuma ya darasa, wakamwaga maji ndoo kwa ndoo, wakatazama yanakokimbilia. Kufikia jioni Pimbi alikuwa na jibu moja na maswali mapya saba. Alifurahi mno.

Habari zikaenea. Swala akaja, akauliza, akaingia. Punda milia akaja, akauliza, akaingia. Kule Kileleni makapu yakapungua, na tumbo la Kiboko likaanza kunguruma.

Siku moja, gudu! gudu! gudu! Kiboko huyo. Akakaa mlangoni Bondeni, darasa likawa giza. "Leo msajili ni mimi. Bila kapu haingii mtu!"

Pimbi alikuwa nje, katoka kuchota maji. Akatazama juu: mawingu ya masika hayo. Yakimkuta nje, ni mwambani kwa tai. Kisha akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, Mzee. Yaani mkubwa kama wewe unalinda chuo rahisi hivi? Si uende Chuo cha Nyuma ya Mwamba?"

"Sijawahi kukisikia."

"Utakisikia wapi? Hakijapokea mtu hata mmoja."

Kiboko akainuka. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata Tembo?"

"Tembo alinyimwa hata fomu."

Kiboko akameza mate. "Hicho ndicho chuo! Nitakipataje?"

"Kalete makapu yako yote, yawe yamejaa. Nitakuonyesha mlango."

Kiboko alipokwenda, Pimbi akatoa stoo mlango mbovu, akauegemeza kwenye mwamba ng'ambo ya kijito. Kiboko akarudi na makapu, akayapanga, akabisha. Ngo! ngo! ngo! Kimya.

"Hawajibu!"

"Mzee, wangekujibu upesi, kingekuwa chuo gani hicho?"

"Kweli kabisa," akasema Kiboko, akakaa kusubiri.

Masika yakaanza, Pimbi yuko darasani. Usiku Kiboko huenda kuyajaza makapu; kila mchana wanafunzi huvuka kijito, huchukua kapu moja na kumwambia Kiboko kwa adabu, "Maombi yako yanashughulikiwa." Mwaka wa tatu huu. Mvua inamnyea, ameegemea ule mlango, anawatambia wapita njia: "Hawajanijibu mpaka leo! Chuo bora kama hiki mmekiona wapi?"

Nimetua mzigo wangu.
— Tumeupokea!

Na funzo ni hili, wanangu: msikubali vyuo rahisi. Ukibisha hodi ukaambiwa karibu, kimbia, hapo hakuna elimu. Tafuta mlango usiofunguka, ukae hapo hapo. Na usisahau kapu.