Mkono Mzima Ndio Uliofungwa

Wewe wa karibu na dirisha, mwenye kilemba cha kijani, usinibenulie mdomo. Hata salamu sijamaliza, umeshamnong'oneza jirani yako, "Anatunga huyo." Nimekusikia. Yaliyochoka ni macho yangu, masikio bado yako kazini. Mchungaji amenipa robo saa baada ya matangazo, na robo saa yangu sigawani na mtu. Anayedhani bibi wa darasa la saba hana la kusema juu ya vyuo vikuu, ashushe shaka yake chini ya benchi. Ataiokota wakati wa kutoka, kama ataitaka.

Kulikuwa na mjane mmoja, mama wa wana watatu. Wote wameoa, wote wamejenga pale pale kwenye kiwanja cha baba yao. Tangu mkamwana wa kwanza aingie mji ule, yule mjane hakushika mwiko tena. Mnaijua desturi yetu, sina haja ya kuwafundisha. Mama mkwe akionekana jikoni, mkamwana atasemwa mpaka bombani kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo mjane alikaa barazani, akawa anaonja na kukosoa. Kazi hiyo aliiweza.

Asubuhi moja, akiwa anajifunga kanga, mkono wa kulia ukamtoka. Haukukatika, la. Ulikuwepo, unaning'inia begani kama mkono wa koti la kuazima. Na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Hospitali wakamtibu, na baada ya wiki mbili mdomo ulirudi mahali pake, tena ulirudi na makali yake yote. Mkono ndio uliokataa.

Akarudishwa nyumbani, na hapo mashindano yakaanza. Mkamwana mkubwa anamlisha uji. Wa pili anamfunga vifungo. Wa tatu anamfuta mdomo hata kabla haujachafuka. Wageni wakija kumpa pole wanaondoka na sifa: "Mama, wewe umebarikiwa, umeozesha vizuri!" Naye anatikisa kichwa, anakubali. Nani kati yetu asingekubali? Nani hapa hajaota kulishwa na wakamwana watatu?

Lakini ndani ya nafsi yake, wapendwa, yule mama alikuwa anageuka gunia la mahindi. Linahamishwa, linafunikwa, linasifiwa kwa kujaa.

Sasa, hospitali ya wilaya ikamtuma binti mmoja. Si daktari, si nesi. Kazi yake inaitwa tiba kwa vitendo. Mtu aliyepoteza kazi za siku yake, kula, kuvaa, kupika, yeye anamrudishia kwa kumfanyisha kazi zile zile. Alikuwa na shahada moja na pikipiki moja, na pikipiki ndiyo iliyokuwa na kelele. Yeye mwenyewe alisema kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Unatumia mkono upi?"

"Huu wa kushoto. Ule mwingine umestaafu."

"Basi huu wa kushoto tutaufunga."

Mjane alidhani ni utani. Binti akavua mtandio wake kichwani, akaufunga ule mkono mzima, akaubana kiunoni kama mtu anayefunga mzigo. Mkono mzima, mnanisikia? Si ule mgonjwa. Akaweka mbele yake bakuli la uji na kijiko. "Haya, bibi, kula."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa mstaafu."

Kisha akakaa kwenye kigoda, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akatazama.

Kijiko kilianguka. Akakiokota mwenyewe, ikachukua muda wa kuchemsha chai. Uji ukamwagika kifuani. Mkamwana mkubwa, aliyekuwa anachungulia, akaingia mbio na tambara. Binti hakuinuka. Alisema tu, "Dada, tafadhali, subiri nje." Kumtoa mkamwana nje ya nyumba ya mkwe wake! Kuna tusi kubwa kuliko hilo?

Siku ya pili ilikuwa maharage, kuyatoa bakuli hili kuyatia lile, moja moja, kwa vidole ambavyo havikujua tena kwamba ni vidole. Mjane alilia. Alipochoka kulia akatukana, maana kutukana kunampumzisha.

"Wewe binti, una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Anajua unavyotesa watu?"

"Anajua. Maharage thelathini bado."

Wiki ya tatu mkamwana mkubwa aliandika lalamiko kwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Alikuwa na mwandiko mzuri na hasira nzuri. Akalisoma kwa sauti mbele ya wana wote watatu, halafu wakampa mgonjwa aweke dole gumba. Na yule mjane, aliyekuwa akiandika barua za kijiji kizima enzi za ujana wake, akapakwa wino akakandamiza dole kama mtu asiyewahi kuona ubao. Aliliweka kwa hiari, msije mkamwonea huruma. Siku hiyo alitaka yule binti afukuzwe kazi, na kama ingewezekana, na mvua imnyeshee njiani.

Kesho yake pikipiki ikasikika.

"Shikamoo, bibi. Habari za lalamiko nimezipata. Bakuli liko wapi?"

Hakununa, hakujitetea. Alifunga mtandio wake, akaweka mikono nyuma, akatazama. Miezi saba alikuja hivyo hivyo, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Katika miezi hiyo kijiko kilifika mdomoni. Baadaye kifungo kikaingia kwenye tundu lake. Siku moja mjane akajikuta anajikuna sikio kwa mkono wa kulia, na hakukumbuka kuutuma.

Sasa sikilizeni hapa. Jumatano moja mkamwana mkubwa alirudi kutoka hospitalini, alikokwenda kuchukua dawa za presha, uso unang'aa.

"Mama, umesikia ya yule msichana wako? Anataka kwenda kusoma shahada ya pili ya hiyo kazi yake ya kufunga watu. Ameomba chuo kikuu huko nje. Maombi yanafungwa kesho kutwa, Ijumaa. Kuna barua moja imebaki, ya mganga mfawidhi. Na fomu inamuuliza mganga kama mwombaji amewahi kulalamikiwa. Kama amewahi, lalamiko liambatanishwe. Basi si la kwetu lipo! Kanieleza yule karani wa masjala."

"Mbona hajaja kutuomba tulifute?"

"Nani, yule? Mganga amemwambia aje apige magoti hapa. Kakataa! Eti, 'Nikamwombe mgonjwa aseme uongo? Mkono nilimfunga. Uji ulimwagika, nami nilitazama. Kama chuo hakitaki mtu wa namna hiyo, kisinichukue.' Kiburi kitamponza, mama. Kiburi."

Mjane alikuwa anafunga vifungo vya gauni lake. Alifika cha nne. Lile neno, kiburi, alilizungusha mdomoni akaliona tamu. Miezi saba alikuwa hajui amwite nini yule binti. Kumbe ni ndugu yake.

Alhamisi asubuhi alivaa kitenge chake cha Pasaka, akashika njia. Mkamwana akamfuata mbio amshike kiwiko. "Ukinigusa nitakung'ata," akamwambia, na mkamwana, anayemjua mkwe wake, akabaki nyuma hatua tano mpaka hospitali.

Mganga mfawidhi alisimama. "Shikamoo, mama. Karibu. Nimefurahi umekuja. Yule binti ni mchapakazi, lakini mimi siwezi kuficha kilichomo kwenye jalada. Karatasi ya kulifuta lalamiko nimekwisha kuiandika. Wewe weka dole hapa tu." Na akamsogezea wino.

"Nisomee kwanza lile la zamani."

Akasoma. "Alimfunga mgonjwa mkono wake mzima kwa mtandio kama mwizi. Alimtoa nje mkamwana anayemhudumia. Alimwacha mgonjwa amwage uji mara saba asimsaidie. Alimtazama akilia, asimpe pole."

"Mara tisa," mjane akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Ulimwagika mara tisa. Sahihisha. Halafu hilo la kufuta lichane, mwanangu, sifuti kitu. Kila neno hapo ni kweli. Nipe kalamu."

Akapewa. Akaishika kwa mkono wa kulia. Mganga akanyoosha mkono wake amshikie karatasi isiteleze, mjane akautazama ule mkono mpaka ukarudi kwa mwenyewe. Na hapo chini, chini kabisa ya lile dole la wino, akaanza kuandika. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje walisubiri, na waliposubiri sana walikohoa, naye akawaacha wakohoe. Mwandiko ulikuwa wa kuku aliyepara majivu, lakini ulisomeka:

*Haya yote alinitenda. Kama kuna chuo kinachoweza kumfundisha kuyatenda zaidi, mpelekeni.*

Kisha majina yake matatu, kwa ukamilifu.

Mganga alilitazama dole. Akaitazama sahihi. Vyote vya mtu mmoja, kwenye karatasi moja, vimeachana miezi saba. Halafu mtu yule mwenye elimu yake akasema, "Nilitaka kumwandikia barua nzuri. Naona imeshaandikwa." Jioni ile ile akaitafsiri mwenyewe, akaituma kama ilivyo, dole na yote.

Na wale wakubwa wa chuo? Baada ya wiki tano walimwita binti wamhoji kwa simu ile ya kuonana sura. Hawakumuuliza alama zake, wakaanzia kwenye lalamiko. "Huyu bibi aliyekulalamikia mara mbili, siku hizi uji analishwa na nani?"

Akajibu, "Anakula peke yake. Na hapendi kutazamwa."

Wakampa nafasi.

Alipokuja kuaga, hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Mjane aliingia jikoni, jikoni kwa wakamwana wake, akashika mwiko mbele ya macho yao, akasonga ugali. Wale watatu walisimama mlangoni kama waliofiwa. Ugali ukaenda mezani. Binti akala tonge la kwanza, la pili, la tatu.

"Una madonge, bibi."

"Najua. Nyamaza ule."

Akala wote.

Haya. Sasa tuje kwetu sisi, na msianze kutafuta viatu kwa miguu.

Sisi ni akina nani kwenye habari hii? Kila mmoja hapa ameshajiweka kwenye nafasi ya yule binti. Acheni uongo mbele ya madhabahu. Sisi ndio wakamwana. Tunalisha watu wenye mikono. Kijana wako ana miaka thelathini na wewe ndiye unayemtafutia mke, unamwombea kazi, unamfulia na soksi, halafu unakuja hapa kushuhudia kwamba una moyo wa upendo. Upendo wa nani? Unapenda kuhitajiwa! Mtu akisimama kwa miguu yake utakosa cha kusifiwa, ndiyo maana unamrudisha kitandani na kumfunika vizuri. Na sisi sisi ndio yule mjane wa wiki ya tatu. Anayetubeba tunamwita mwema, anayetukataza kubebwa tunampelekea malalamiko. Wangapi humu wamemlalamikia Mungu mwenyewe, kwamba amekaa tu juu huko, mikono nyuma, anatazama uji unamwagika?

Mnamkumbuka yule mtu wa mkono uliopooza, aliyekuwa ndani ya nyumba ya ibada siku ya sabato? Bwana aliweza kwenda kumshika ule mkono na kuuvuta. Hakuuvuta. Alimwambia aunyooshe yeye mwenyewe, mbele za watu, wakimtazama. Mimi zamani nilidhani ni ukali. Siku hizi najua ile ni heshima. Huliambii gunia linyooshe mkono. Unamwambia mtu.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani leo, kila mmoja amtafute mtu ambaye yeye humlisha bila sababu, ampe kijiko. Atakulalamikia. Mwache alalamike, mwache aweke na dole. Yule binti yuko darasani saa hizi ninapozungumza, na nikitamka jina la kazi yake kifua changu kinajaa kama cha mtu aliyezaa mapacha, na hilo la kifua siombi msamaha. Basi, robo saa yangu imekwisha.

Mzee wa kanisa, rudi ukae. Nani amekutuma kunifungulia? Kaa, nimesema. Na wewe wa kilemba cha kijani uliyesema natunga, geuka unitazame ninavyotoka. Tazama vizuri ni mkono gani unaoshika kitasa, na ni mkono gani utakaovuta mlango huu mpaka ulie.